Swali la Mtoto Mbele ya Televisheni

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba kuyasoma tena.)

Nawasalimu ninyi nyote mlioamka mapema: akina mama mlio jikoni mkiwatilia watoto chai, akina baba mnaofunga viatu mwende kazini, na wewe ndugu uliye ndani ya matatu pale Ruiru, ukingoja gari lisogee. Mimi ni mzee wa kanisa tu, si mwalimu wa theolojia, na nyumbani kwangu ni Gatongora.

Wale mnaoijua Gatongora ya zamani mtakumbuka kwamba kulikuwa na kahawa pande zote. Mtoto wa nyumba ile na mtoto wa nyumba hii walikutana shambani wakati wa kuchuma, na yale waliyoyajua ya dunia waliyapata kwa wazazi, kwa mwalimu, na kanisani. Hapa hapa Ruiru ndipo watafiti walipotoa ile kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, isiyoshindwa upesi na ugonjwa wa kukausha buni mtini. Lakini hata Ruiru 11 haikuweza kushindana na ploti. Siku hizi mashamba mengi yamekuwa majumba ya kukodisha, na juu ya kila paa kuna dishi la televisheni. Silalamiki, nami ninalo moja.

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Wengi wetu twaijua sehemu ya mwanzo, pale Musa anapowaagiza wazazi waseme na watoto wao juu ya maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Sehemu hiyo twaihubiri sana siku ya watoto. Lakini mwisho wa sura hiyo, kuanzia mstari wa 20, Musa anasema jambo lingine ambalo twalipita upesi. Anasema siku itakuja mtoto atamwuliza baba yake maana ya mambo haya yote. Naye Musa hamwambii baba amfukuze mtoto. Anamwambia amjibu, tena amjibu kwa kumsimulia habari. Fungueni tena mkipata nafasi mwone kama nasema uongo.

Sasa nitawasimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu. Mwenye habari hii ni mjukuu wangu, ambaye sasa ni msichana wa sekondari. Nilimwomba ruhusa kabla sijaandika neno hata moja, akanipa.

Mwaka 2017 alikuwa na miaka saba. Mama yake alikuwa akifanya kazi Nairobi na kurudi usiku, kwa hiyo mtoto alishinda kwetu. Jirani yetu alikuwa amenunua king'amuzi cha kulipia, chenye stesheni za watoto zinazoonyesha katuni kutwa kucha. Jumamosi watoto wa ploti nzima walijazana sebuleni kwake. Siku moja mjukuu wangu akarudi, akanikuta nikisoma gazeti, akaniuliza hivi: “Guka, kwa nini yule mtoto wa katuni ana baba wawili?”

Nikamwuliza, mtoto yupi? Akanieleza. Kuna katuni ya Marekani iitwayo The Loud House, habari ya kijana mmoja mwenye dada kumi. Watoto kumi na mmoja katika nyumba moja! Kwa jambo hilo mimi sikuona ajabu, maana sisi kwetu tulikuwa tisa na chumba kimoja cha kulala. Kijana huyo ana rafiki yake aitwaye Clyde, na huyo Clyde analelewa na wanaume wawili, ambao wote wawili anawaita baba. Walionyeshwa mara ya kwanza kule Marekani mwezi Julai mwaka 2016, wakimleta mtoto wao alale kwa rafiki yake, nao wana wasiwasi mwingi kama wazazi wa mtoto mmoja walivyo.

Wapendwa, niliposikia hayo damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia mtoto kwa sauti kubwa kwamba hayo ni mambo machafu, asiende tena kwa jirani, na asiniulize tena maneno ya namna hiyo. Nilisimama mpaka bibi yake akatoka jikoni kuona kuna nini. Mtoto alinitazama, akasema, “Ndiyo, Guka,” akaenda nje.

Haikupita muda, mwezi wa Juni mwaka huo huo, tukasikia habari kwamba Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya imepiga marufuku katuni sita. The Loud House ilikuwamo, pamoja na The Legend of Korra, Hey Arnold, Steven Universe, Clarence na Adventure Time. Bodi ilisema zinawafundisha watoto mapenzi ya watu wa jinsia moja. Mkurugenzi wake wakati huo alikuwa Bwana Ezekiel Mutua, na wengi wenu mnakumbuka jinsi alivyosifiwa makanisani. Nami nilimsifu. Nilisimama katika kikao cha wazee nikasema serikali imetusaidia kulea.

Msinielewe vibaya asubuhi hii. Sisemi kwamba serikali haina kazi katika mambo ya televisheni. Kanuni zetu za utangazaji zasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne za usiku stesheni zisionyeshe mambo yasiyofaa watoto, na hiyo ni kanuni nzuri. Lakini nawauliza, nani kati yetu huzima televisheni saa tatu za usiku? Zile tamthilia za kigeni tunazozitazama tukila ugali, watoto wakiwa wamekaa katikati yetu, ambamo mume mmoja anawadanganya wanawake watatu, na mke anamtilia mwenzake sumu katika glasi, hizo hatukuandika barua kuzishtaki. Bibi yake mtoto alinikumbusha hilo, nikakosa jibu. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini huyachagua.

Wala ubishi huu hauko kwetu peke yetu. Wengine wanafikiri kule Marekani kila mtu amekubali. Mwaka 2005 katuni moja ya watoto ya huko ilionyesha sungura akitembelea jimbo la Vermont, na katika safari yake akazitembelea familia zenye mama wawili. Waziri wa elimu wa nchi hiyo akalalamika, na stesheni nyingi zikakataa kuonyesha kipindi hicho. Mwaka 2019 katuni iitwayo Arthur ilionyesha mwalimu akifunga ndoa na mwanamume mwenzake, na televisheni ya umma ya jimbo la Alabama haikukionyesha. Kwa hiyo wazazi wa kule nao wameulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi Gatongora, nao wengine waliruka kutoka vitini kama mimi.

Narudi kwa mtoto.

Yeye alinitii. Hakuniuliza tena. Lakini mimi mpumbavu sikuona kwamba hakuniuliza tena jambo lolote. Zamani alikuwa akinifuata mpaka kwa ng'ombe: Guka, mbona mwezi unatufuata? Guka, Mungu analala? Sasa alikaa kimya, nami nikadhani amekua, ameanza kuwa na adabu. Nilijisifu.

Alipokuwa na miaka tisa, mtu mmoja mzima aliyekuwa na kibanda kando ya njia ya shule alianza kumwita, kumpa peremende, na kumwambia maneno ambayo mtoto hafai kuambiwa. Hilo liliendelea kwa majuma kadhaa. Mtoto alikuwa akizunguka njia ya mbali, akifika nyumbani amechelewa na viatu vina matope, nami nikamgombeza kwa kuchelewa. Kwa neema ya Mungu alimwambia mwalimu wake wa shule ya Jumapili, msichana kijana sana ambaye baadhi yetu tulikuwa tumesema hafai kufundisha kwa sababu hajaolewa. Huyo mwalimu akaja kwetu jioni ile ile, hata hakungoja asubuhi. Jambo likafikishwa kwa chifu na kwa polisi kabla mtoto hajadhuriwa zaidi.

Usiku ule nilimwuliza mjukuu wangu, kwa nini hukuniambia mimi? Akanijibu bila kunilaumu, kama mtu anayetaja saa: “Ulisema nisikuulize mambo machafu.”

Nimeokoka tangu ujana wangu, nimesimama mbele ya watu mara nyingi na kutoa ushuhuda wa dhambi zangu, ulevi na uongo na mengine. Lakini sikumbuki dhambi iliyonichoma kama ile. Kwa sababu mtoto hakuwa ameuliza jambo chafu. Alikuwa ameona familia isiyo kama yake, akataka kujua. Nami katika kichwa chake nilikuwa nimeufunga mlango mmoja, na yule mtu wa kibanda alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo huo.

Basi nikamwomba msamaha. Kwa mzee wa Kikuyu si jambo rahisi kumwomba msamaha mtoto wa miaka tisa, lakini nililifanya, bibi yake akiwapo. Kisha nikamwambia kwamba lile swali lake la zamani bado nina deni nalo, na Jumamosi nitalijibu.

Siku tatu nzima nilitafuta jibu. Nitawaambia nilivyofikiri, nanyi mpime.

Kwanza nilitaka kumwambia kwamba mambo hayo ni ya kizungu, sisi Waafrika hatuna familia za namna hiyo. Kisha nikakumbuka mama mmoja mzee wa utoto wangu. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Akatoa mbuzi na ng'ombe kama mwanamume atoavyo, akamwoa mwanamke kijana ili azae watoto wa jina la yule mume aliyekufa. Tulicheza na watoto hao. Nyumba yao ilikuwa ya mama wawili, na hakuna aliyewacheka. Desturi hiyo ilikuwapo kwa Wakikuyu, na kwa Wakamba ambao humwita mke wa namna hiyo iweto, na kwa Wanandi, na kwa Wakisii. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa kama hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Sasa najua jambo lile si sawa na la katuni. Wale wanawake wawili hawakuwa wapenzi. Ilikuwa ni kutafuta uzao na mrithi wa shamba. Na kanisa halikuibariki. Lakini sikuweza tena kumwambia mtoto kwamba macho ya Afrika hayajapata kuona mtoto mwenye mama wawili. Angekuja kujua, na hapo angeacha kuniamini kwa mengine yote.

Pili nilitaka kumwambia kwamba watu kama hao hawako Kenya. Hilo nalo ni uongo. Wamo katika kesi zilizofika mahakamani. Mwaka 2019, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vile vifungu vya sheria ya adhabu vinavyowahukumu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema hata hivyo wanayo haki ya kusajili chama chao. Wakristo wengi walifurahia hukumu ya kwanza na kuikasirikia ya pili. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yataja ndoa ya mtu na mwenzake wa jinsia tofauti, na hivyo ndivyo kanisa letu lifundishavyo, nami naamini hivyo. Lakini sheria inayosema juu ya watu si ushahidi kwamba watu hao hawapo. Ni kinyume chake.

Tena wamo karibu kuliko mahakamani. Katika ushirika wetu kuna mama mmoja, na nimebadilisha mambo machache ili asijulikane. Jumapili moja mhubiri alitoa mzaha mimbarani juu ya wanaume wa namna hiyo, akawaiga wanavyotembea, na watu wakacheka sana. Mimi nilicheka. Mama huyo hakuja ibadani kwa muda mrefu baada ya siku ile. Tulipokwenda kumtazama tulidhani ni mgonjwa. Alitupa chai, akasema tu kwamba ana mwana, na huyo mwana hawezi kuja nyumbani hata kwa Krismasi kwa sababu ya wajomba zake, na kwamba siku ile kanisani aliposikia kicheko alikuwa kana kwamba anamwona akipigwa. Sisi wazee watatu tulikunywa chai hiyo hatujui tutazame wapi.

Lile neno tunalowaitia watu hao, hata sitalitamka redioni, kwa wanawake wa pwani lina maana ya rafiki wa kike mpendwa, na hakuna tusi ndani yake. Sisi wa bara ndio tuliolifanya jiwe la kurushia.

Nikafungua Injili ya Yohana, sura ya 4, habari ya yule mwanamke wa kisimani aliyekuwa amekuwa na waume watano, na yule aliyekuwa naye hakuwa mumewe. Mara nyingi nimehubiri sura hiyo. Sikupata kuona kwamba Bwana wetu alianza kwa kumwomba maji. Aliijua habari yote ya nyumba ya mwanamke yule, na hakuficha kwamba anaijua. Lakini kabla ya hayo aliomba maji ya kunywa, katika chombo cha mwanamke huyo, jambo ambalo Myahudi wa siku zile asingelifanya.

Basi Jumamosi ikafika. Katuni ile haikuwapo tena kwa jirani, lakini mnajua simu za siku hizi. Mama wa mtoto akaitafuta katika simu, tukaitazama sote wanne, mimi na miwani yangu. Nakiri kwamba nilicheka mahali pawili. Wale baba wawili wanamwogopea mtoto wao kila kitu, kama bibi yake mjukuu wangu anavyomwogopea baridi.

Kisha nikamjibu. Nilimwambia kwamba duniani kuna nyumba za namna nyingi. Kuna zenye baba na mama, kuna za mama peke yake kama yao, kuna za guka na shosho, na katika nchi nyingine kuna wanaume wawili wanaoishi kama mume na mke, na wengine wanalea watoto. Nilimwambia sisi tunaamini Mungu aliweka ndoa kati ya mwanamume na mwanamke, na nikamwonyesha mahali tulipolisoma. Nilimwambia wako wanaoamini vingine, na akiwa mkubwa atakutana nao, wengine wakiwa watu wema sana. Na nilimwambia kwamba mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa wala ya kulelewa. Kwa hiyo akimwona mtoto yeyote akichekwa kwa ajili ya wazazi wake, awe ni mtoto wa baba wawili au mtoto asiye na baba hata mmoja, asicheke pamoja nao. Hilo la mwisho alilielewa upesi kuliko yote. Yeye mwenyewe alikuwa amechekwa shuleni kwa kukosa baba, jambo ambalo pia hakuwa ameniambia.

Yako makosa katika jibu hilo, najua. Ndugu mmoja mzee mwenzangu aliniambia nimelegea. Mwingine, kijana wa chuo kikuu, aliniambia nimekuwa mkali. Labda wote wawili wameona kitu. Lakini mtoto alianza tena kuniuliza maswali siku ile ile, na la kwanza lilikuwa gumu kuliko la miaka miwili iliyopita.

Alisema, “Guka, huyo Clyde akija kulala kwetu, atalala wapi?”

Nikamwambia atalala katika chumba cha mjomba wako, shosho atampa blanketi.

Akafikiri kidogo. Akasema, “Na baba zake wakimleta, watasimama nje pale getini?”

Nilimtazama bibi yake. Yeye akaendelea kuchambua maharagwe, hakunisaidia. Nikakaa kimya kwa muda, nikasikia magari ya barabara kuu kwa mbali. Nikamwambia, hapana. Wataingia, wataketi, na watapewa chai.

“Na mkate?” akauliza.

Na mkate, nikasema.

Wasikilizaji wapendwa, muda wetu umekwisha, naona fundi mitambo ananipungia mkono. Nendeni na amani ya Bwana kazini na shuleni. Juma lijalo, Mungu akipenda, mwenzangu atazungumza nanyi juu ya Kitabu cha Ruthu.